Maneno Arobaini

Mwizi ana siku zake arobaini.
Mimi nina maneno.
Kila Jumatatu nayapeleka Brest
na ofisa anayapima kama sonara, jicho moja kalifumba;
lililozidi, hulikata.

Mume wangu Goulven ni mwokaji mikate.
Anaoka chini ya bahari, sijui bahari ipi,
wala yeye hajui.
Nyuma ya tanuri lake, hatua ishirini na mbili, amezihesabu,
yamesimama mabomba kumi na sita, urefu wa ghorofa nne,
na ndani ya kila bomba kombora,
na ndani ya kila kombora miji.
Si ramani. Miji yenyewe,
na watu wake waliopanga foleni ya mkate.

Hayo hayasemwi mezani kwetu.
Mezani tunasema unga, chumvi, hamira.
Aliwahi kuniambia donge huumuka vizuri kule:
joto ni lile lile, mlango haupitishi upepo,
hakuna anayebisha hodi.

Wiki ya tano, Jumanne, mama yake alifariki.
Soazig, miaka sabini na nane, akimenya kiazi.
Alikuwa na mchezo wake: ganda lisikatike,
litoke refu, moja, mpaka mwisho.
Goulven alilelewa akishangilia maganda.
Nililiokota chini ya kiti, bichi bado,
nikaliweka kwenye sahani, dirishani.
Sikujua la kufanya nalo.
Ijumaa tukamzika Camaret, mvua ikija upande upande.

Kanuni alitusomea kepteni mmoja wa nchi kavu,
sisi kwenye viti vya plastiki, watoto mapajani:
habari za msiba hazizami.
Mtu aliye chini hana pa kwenda kulia,
na wenzake mia na kumi wanavuta hewa hiyo hiyo.
Ataambiwa siku ya kurudi, kabla ya kukanyaga gati.
Goulven alitia sahihi. Aliazima kalamu yangu.

Basi niliandika:

*Goulven, mvua haijakoma tangu juzi. Malo ameng'oa jino la mbele, analificha kila siku mahali papya. Nimepaka mlango rangi ya bluu. Mama yako hamenyi viazi tena, amepumzika. Tunakula tambi. Paka amezaa watatu. Jirani kanunua jenereta. Bahari imetulia. Oka vizuri. Sisi tupo.*

Ofisa akapiga simu. Sauti ya kijana, ya adabu.
Madamu, sita nimeyatoa. Unajua yapi.
Una nafasi ya sita mengine.

Nilikaa na simu sikioni.
Nikafikiria meli ile, chuma chake, tanuri lake,
wanaume wanaopokezana zamu usiku usio na asubuhi,
wote wakisubiri ujumbe mmoja usiokuja.
Nao ni mfupi, nasikia. Herufi na tarakimu.
Huo hauna kijana wa Brest wa kuukata.
Huo ukija utazama mpaka chini,
nao si kitu ila msiba,
wa mama wangapi, sijui, sijui hesabu hiyo.
Na mkate utakuwa tanurini.

*Ganda la kiazi lipo dirishani, limekauka.*

Hayo yanafaa, akasema. Yakapita.

Alirudi siku ya sabini na moja
ndevu nyeupe kidogo kidevuni, ngozi kama karatasi ya kuokea.
Padri alikuwa amemtangulia garini.
Hakunikumbatia kwanza. Alipita mlango wa bluu, hakuuona,
akaenda dirishani.
Malo akamwonyesha pengo. Akaliangalia, akatikisa kichwa.

Ganda lilikuwa limejikunja kama sikio.
Alilinyanyua kwa vidole viwili,
vile vile anavyonyanyua donge kuona kama limeiva kuumuka.

Hili ndilo la mwisho?

Ndilo.

Akaligeuza, akalifuata kwa kidole, polepole, kutoka ncha hadi ncha.

Halikukatika, akasema.